Daftari la Walioletwa

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Gundi alishona kwa mikono yake vitabu vyote vya kuandikia watoto wanaozaliwa katika nchi hii. Kisha siku moja akaambiwa kwamba hakuna kitabu hata kimoja kinachoonyesha kuwa kwao ni hapa. Mimi nilikuwepo alipoambiwa. Nitaeleza yote, hata yale yanayonivua nguo, maana nimeshakuwa mtu mzima na aibu ya kuficha imenichosha kuliko aibu yenyewe.

Jina la Mzee Gundi alipewa akiwa kijana asiye na mvi hata moja. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya jengo letu, chini ya ngazi, na humo alikuwa na jiko la umeme la jicho moja na sufuria nyeusi ya kupikia gundi ya ngozi. Harufu yake ilipanda ngazi kabla yake. Mabibi wa ghorofa ya pili walifunga madirisha, na yeye akiwapita na mzigo wa vitabu kichwani aliwaambia, "Msinicheke, mimi ndiye ninayewashikilia. Nikiacha kunuka, ofisi itasambaratika." Walicheka wakiwa wamebana pua.

Mimi nilikuwa karani wa masjala. Rafu zote zilikuwa chini yangu, na hakuna kitabu kilichotoka wala kuingia bila sahihi yangu. Nilivaa funguo shingoni, naye akaniambia nimekuwa kama mbuzi wa kengele, nikipotea watanipata kwa kelele. Mume wangu hakunifanyia utani wa namna hiyo hata siku moja. Tulizoeana kama ndugu, akaniita dada, nami nikamwita fundi mbele ya watu na Gundi tukiwa wawili.

Alipenda kunionyesha kazi. Kitabu kikishashonwa, alisema, mgongo wake hupakwa gundi, kisha hubandikwa vipande virefu vya karatasi ngumu vya kuutia nguvu, na juu yake ndipo huja kitambaa na jalada. Vipande vile havionekani tena mpaka kitabu kivunjwe. Aliviita fulana ya ndani. "Mtu hukusifu shati," alisema, "lakini anayekunywa jasho ni fulana."

Babu yake aliletwa na mkoloni. Sijui vizuri kutoka wapi, na yeye mwenyewe hakujua zaidi ya kwamba ni ng'ambo, na kwamba walikuwa mamia ya wanaume kwenye meli moja. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu huyo hakuingoja hiyo ya tatu. Alipewa nyundo siku ileile aliyoshuka, akapelekwa kupasua mawe ya kujengea mji. Baadhi ya mawe hayo ndiyo yaliyojenga ofisi yetu. Waliwekwa kwenye mabanda nje ya mji, pakaitwa Kambini, na mpaka leo panaitwa Kambini ingawa banda la mwisho lilibomolewa kabla mimi sijaanza shule. Babu akaoa mwanamke wa hapahapa. Akazaa hapahapa, akafa hapahapa, akazikwa nyuma ya machimbo.

Kwa hiyo Mzee Gundi alikuwa na lugha moja tu, hii yetu, na aliizungumza vizuri kuliko wengi wetu. Lakini alikuwa na jina la babu yake na nywele za babu yake, na mara mojamoja mlevi au dereva mwenye hasira alimwambia arudi kwao. Hakugombana. Aliuliza kwa upole, "Sawa, nikate tiketi ya wapi? Maana Kambini basi langu ni la saa kumi na moja." Watu walicheka, na mlevi naye akacheka. Mimi nilidhani hayamuumi.

Sasa nirudi nyuma, miaka ishirini na sita kabla ya haya.

Mkoloni alikuwa na madaftari ya kuzaliwa ya aina tatu. Moja la watu wake, moja la wenyeji, na moja la walioletwa. Mtoto wa Kambini, hata kama mama yake ni mwenyeji na kitovu chake kimezikwa hapa, aliandikwa kwenye hilo la tatu. Juu ya kila ukurasa neno hilo lilichapwa kwa herufi kubwa, WALIOLETWA, utadhani watoto hao walizaliwa melini. Bendera ilipopandishwa tukarithi madaftari yote matatu, yakakaa rafuni yakila vumbi.

Ndipo akaja mkurugenzi mpya. Alipita masjala akiwa ameshika leso puani, akasema rafu zimejaa, na akatoa amri madaftari ya walioletwa yachomwe. "Hatuna tena walioletwa," alisema. "Sote ni wananchi." Nani angebisha neno zuri kama hilo? Nilipewa hati ya kujaza nikishamaliza kuchoma.

Mwaka huo vifaa vilikuwa haba. Mzee Gundi alikuwa na miezi mitatu hana karatasi ngumu ya migongo, na vitabu vipya vilikuwa vimelala mezani kwake bila fulana. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, akashika ukurasa mmoja wa zamani kwa vidole viwili.

"Dada, kweli utachoma mali hii? Karatasi ya mkoloni ina pamba ndani. Haitachanika mpaka tufe."

"Nimeamriwa."

"Umeamriwa yasiwepo. Nikishayakata vipande yatakuwepo?"

Nikampa yote. Kwenye hati nikaandika, Yamechomwa yote, nikatia sahihi na tarehe. Ulikuwa uongo mdogo wa kuokoa karatasi, na usiku ule nililala vizuri tu.

Baada ya kama wiki moja akaniita chumbani kwake. Alikuwa ameshika kisu kirefu cha kukatia, na mezani palikuwa na ukurasa uliokuwa na jina la baba yake. Jina, tarehe, baba, mama, mahali: Kambini. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kalamu nyembamba. Nilimwambia auchukue, akauweke nyumbani.

"Nikaliweke nyumbani neno hili?" Alinionyesha juu ya ukurasa kwa ncha ya kisu. "Wanangu walisome? Dada, baba yangu alikufa analichukia."

Akaweka rula ya chuma, akaukata kwa urefu vipande vinne. Aliukata kwa furaha, nilimwona kwa macho yangu, uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. Wiki hiyo mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, binti, na kitabu cha mwezi ule ndicho kilichokuwa kimebanwa mezani, mtoto ameshaandikwa ndani yake, kimerudishwa kwa sababu kilianza kuachia. Akavibandika vile vipande vinne mgongoni mwa kitabu hicho, kimoja juu ya kingine, akavipaka gundi, akavifunika kitambaa.

"Haya," alisema. "Babu na mjukuu wamo kitabu kimoja, cha wananchi. Nani atamwita aliyeletwa?"

Tulicheka mpaka machozi. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu alichukua miaka ishirini na sita kufika.

Alifika na tangazo. Kila mtu abadilishe kitambulisho cha zamani apate kipya. Kwa wengi ilikuwa foleni na picha tu. Lakini kulikuwa na kifungu kidogo kilichosema kwamba mtu ambaye ukoo wake uliletwa, sharti aonyeshe kwa maandishi kuwa baba yake alizaliwa hapa kabla ya bendera. Bibi mwenyeji hakuhesabiwa, maana mtoto hufuata baba. Asiyeweza kuonyesha ataandikwa mgeni, yeye na watoto wake, na kila baada ya miezi mitatu ataripoti kituoni kama mtu aliyefika juzi.

Miezi michache kabla ya tangazo, Mzee Gundi alikuwa ameagizwa kushona madaftari mapya arobaini. Kurasa tupu, jalada la kijani, hayana kichwa. Aliuliza ya nini, akaambiwa ashone. Alishona vizuri, maana hakujua kushona vibaya.

Akapanga foleni kwenye dirisha namba nne, katika jengo lake mwenyewe, siku ya kazi, akiwa na aproni. Afisa wa dirisha hilo alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Baba alizaliwa wapi?"

"Kambini. Kabla ya bendera, tena kabla sana."

"Una maandishi?"

"Watu wa Kambini waliandikwa kwenye daftari lao."

"Lile lilichomwa, mzee. Hati ya kuchomwa tunayo hapa."

"Sasa mtu wa Kambini aonyeshe nini?"

"Ndiyo taabu yenu hiyo," alisema yule kijana, na nadhani hakuwa na nia mbaya. "Jitahidi, mzee. Mwisho wa mwezi tunafunga."

Alishuka ngazi akaja moja kwa moja masjala. Hakuketi. Binti yake, yule wa kitabu kile, alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi na ameshaitwa kazini katika hospitali ya serikali, aanze mwezi unaofuata, na kazi hiyo ni ya raia tu. Sikumwona amevunjika namna ile hata alipofiwa na mke.

"Miaka yote hiyo nilisema mzaha wa tiketi," aliniambia. "Kumbe walikuwa wananisikiliza, wanangoja nimalize."

Tulitazamana. Wote wawili tulikuwa tunafikiria mgongo mmoja.

Kuvunja kitabu cha serikali ni kosa la jinai, isipokuwa kwa matengenezo. Nikajaza hati ya matengenezo. Sababu: jalada limelegea. Saa ya mapumziko, wenzetu wakiwa nje, tulijifungia chumbani kwake. Alipasua kitambaa kwa kisu kidogo, akaweka juu ya mgongo kitambaa kilicholowa maji moto, akangoja. Aliweka tena, akangoja. Mikono yake ilitulia kabisa. 

"Gundi ya ngozi ina adabu," alisema. "Ukiiomba kwa maji moto, inaachia. Hii nyeupe ya siku hizi ni mkaidi, haitoki mpaka iondoke na nyama."

Vipande viliachia kimoja baada ya kingine, vyote vinne, wino haukufa. Akavipanga mezani, akavikausha kati ya karatasi za kunyonya maji. Jina likaungana, tarehe, baba, mama, Kambini. Na juu kabisa lile neno, limekatwa mara tatu na bado linasomeka. Aliliangalia muda mrefu.

"Leo ndilo la kunisemea," alisema.

Nilipanda naye mpaka dirisha namba nne. Sikuitwa, nilitaka mwenyewe kumsindikiza, nikijiona dada mwema. Afisa alivipokea vile vipande kwa uangalifu, akavipanga, akasoma mara mbili. Nilimwona anataka kuamini. Kisha akainuka, akaenda kabatini, akarudi na jalada la hati za zamani. Alipolifungua niliutambua mwandiko wangu kwa mbali.

"Hapa imeandikwa yamechomwa yote," alisema. "Sasa mzee, kilichochomwa kitafikaje mezani kwangu? Ama hii ni ya kughushi, ama aliyetia sahihi alidanganya." Akasogeza kidole mpaka chini ya hati, akainua macho. "Mama, si wewe huyu? Uliyachoma au hukuyachoma?"

Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu. Kusema nimedanganya kwenye hati ya serikali ni kufukuzwa, na nyuma yake kesi, na nyumbani nilikuwa na mume aliyelala kitandani mwaka wa pili hawezi kujigeuza. Nayaandika haya si kwa kujitetea. Mtu akitaka sababu, anazo daima. Mimi nilikuwa nazo nzuri.

Nilimtazama Mzee Gundi ili anisaidie, aseme yeye, "Huyu ndiye aliyenipa." Angesema, ningekubali. Mpaka leo najiambia ningekubali. Lakini hakunitazama. Alikuwa anaangalia ukingo wa dirisha, pale mbao ilipochubuka, na alinyamaza kwa makusudi, ili neno libaki kwangu.

"Kama imeandikwa nilichoma," nilisema, "basi nilichoma."

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Hicho ndicho kinachonitisha.

Afisa akashusha pumzi. Akamwambia Mzee Gundi kwamba kwa kuwa ni mfanyakazi mwenzetu na mtu mzima, hatawaita polisi, achukue makaratasi yake. Kisha akavuta daftari jipya la jalada la kijani, la kwanza katika yale arobaini. Sasa lilikuwa na kichwa, kimebandikwa juu: Wageni. Lilikuwa gumu kufunguka, kama kitabu chochote kipya, na yule kijana akalibinya kwa kiganja.

"Taratibu, mwanangu, utalivunja mgongo," Mzee Gundi alisema. Akapitisha mikono yake dirishani. "Kitabu kipya hakilazimishwi. Fungua kurasa chache za mwanzo, ukande. Halafu chache za mwisho, ukande. Hivyohivyo mpaka ufike katikati."

Akamfungulia. Daftari likalala wazi, limetulia, na kijana akashukuru. Akaandika jina la Mzee Gundi kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, na chini yake jina la binti.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Huyu alianguliwa hapa, na baba yake alianguliwa hapa, na kamba alijisokotea mwenyewe kwa uzi wa serikali.

Tulishuka ngazi. Nilijaribu kuanza, "Gundi, mimi..." akanikata.

"Mumeo anaendeleaje?"

"Hivyohivyo."

"Mpe pole."

Kesho yake alikitengeneza kile kitabu cha mwezi aliozaliwa binti yake. Hakutaka kukiacha kimevunjika. Alipika gundi ya ngozi, ingawa nyeupe ilikuwepo, akakipaka mgongo. Vile vipande vinne alivirudisha mahali pake, kimoja juu ya kingine, akavifunika kitambaa kipya. Nilimuuliza kwa nini asiende navyo nyumbani.

"Nyumbani kwa mgeni?" alisema. "Acha mzee akae humu. Humu ni raia." Akakibana kwenye shinikizo, kile chombo chake cha kubania vitabu, na jioni akaniletea. "Nimemaliza, dada. Kirudishe rafuni."

Nikatia sahihi ya kukipokea. Sahihi zangu hazijawahi kukosa mahali pa kukaa.

Wiki mbili baadaye aliondoka kazini, maana mgeni haajiriwi na serikali. Chumba chake sasa kinawekewa viti vibovu. Binti hakuanza kazi. Baada ya mwaka alipata nafasi ya uuguzi ng'ambo, akaenda. Huko aliko ni mgeni kweli, na karatasi zake zote zimekamilika. Baba yake amebaki peke yake Kambini, na kila baada ya miezi mitatu anavaa shati safi anakwenda kuripoti.

Mimi nilistaafu salama. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu baada ya hapo, kwa hiyo ile sababu yangu nzuri ikazikwa naye. Arubaini ilipokwisha nikaenda dirisha namba nne. Yule kijana alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo alinisikiliza nusu, akasema rufaa ni siku sitini na zimepita, na akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikaenda Kambini. Mzee Gundi alinipa kiti, akachemsha chai, nikamwambia niko tayari kusema, mahali popote, mbele ya yeyote.

"Dada," alisema, "siku ile nilikusubiri."

 Tulikunywa chai ikaisha.

Tangu hapo nimefikiria jambo ambalo siku ile, kwa hofu, sikulifikiria. Hakukata ukurasa wa baba yake peke yake. Alikata madaftari yote. Kambini nzima imo mle, migongoni mwa vitabu vya mwaka ule na mwaka uliofuata, baba zao na mama zao, na watu zaidi ya elfu moja wanapanga foleni kituoni kila miezi mitatu kwa sababu mimi niliandika kwamba wamechomwa.

Kwa hiyo naandika tena, na safari hii ni kweli. Sikuyachoma. Nilimpa fundi, na fundi akayatumia kwa kazi ya serikali. Kitabu chenye baba yake kipo masjala, chumba cha pili, rafu ya sita, cha tatu kutoka kushoto, mgongo wake una kitambaa cheusi kipya kuliko wenzake. Vingine vimepakana nacho, safu mbili kamili. Atakayevifungua asitumie nguvu. Ni gundi ya ngozi, aweke kitambaa cha maji moto na angoje.